Mguu Ulioponywa Mara Mbili

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kukaa na mimi kwenye ukurasa huu, pole. Umeingia matangani katikati. Watu wameshalia, wamechoka, sasa wanaulizana chakula kiko wapi. Ngoja nikuambie upesi marehemu ni nani.

Marehemu ni mimi. Naitwa Vainqueur, maana yake kwa Kifaransa ni mshindi, na mama yangu aliyenipa jina hilo hajaniomba radhi hadi leo.

Nilikuwa kinyozi hapa Baraka, mashariki ya Kongo. Likaja shirika moja kufundisha watu namna ya kukanda wagonjwa waliovimba miguu na mikono, wale ambao maji yanakaa chini ya ngozi na hayapati njia ya kutoka. Mafunzo yalifanyika karibu na kambi ya wakimbizi ya Lusenda. Mimi nilienda kwa ajili ya samaki na soda ya saa sita. Nilirudi na cheti chenye mihuri mitatu, na ufundi ambao, kwa bahati mbaya yangu, nilikuwa nimeupata kweli.

Wiki zilizopita nilieleza jinsi ufundi huo ulivyonitia aibu. Kukanda huku ni kwa upole. Unasogeza ngozi tu, polepole. Unafungua njia ya juu kwanza, ndipo unashuka, na kila mkono unapopita unayarudisha maji juu. Sasa mtu wa Baraka akija kukandwa anataka alie.

"Docteur, we iko unanipapasa sawa vile unatafuta kalamu mu mufuko," aliniambia seremala mmoja, akavaa suruali, akaenda zake.

Bamama nao waliogopa macho ya mwanaume. Kwa hiyo nikatundika pazia ndani ya salon yangu. Kitenge kizito, kutoka ukuta hadi ukuta, na katikati tundu lililopindwa vizuri kwa cherehani. Mama anakaa upande wake na Husna, mjane anayenilindia mlango, anapitisha mguu kwenye tundu, nami upande wangu naona mguu tu. Uso sioni, jina siulizi. Njia ile ya juu, shingoni na tumboni, anajikanda mwenyewe, Husna akimwonyesha.

Pazia lilinijazia wateja. Wiki iliyopita niliishia pale Papa Déo, mwenye maboti wa kijiji cha Swima, alipopokea mbuzi zangu na kuniita mukwe, na binti yake Fanny, mwalimu wa darasa la pili, akawa mchumba wangu mbele ya watu. Baadhi yenu mlinitumia pongezi. Mlifanya haraka.

Maana kulikuwa na mguu mmoja.

Ulikuja kila Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi. Mguu wa kushoto. Siku ya kwanza ulipopita kwenye tundu nilidhani mtu ananiuzia kinu. Ngozi ilikuwa ngumu, na ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki pale pale, linakutazama.

Mwenyewe hakusema neno, si siku ile wala siku nyingine.

"Husna, huyu mama haongeaka?"

"Anaongeaka na Mungu," Husna akajibu toka upande wa pili. "We tumika kazi yako."

Nikatumika. Nilikanda, nikafunga bandeji kuanzia vidoleni kwenda juu, nikaagiza alale na mguu juu ya mto. Juu ya kifundo, upande wa ndani, palikuwa na kovu la kuungua mawese, lenye umbo la jani la muhogo. Na kidole cha pili kilikuwa kimepanda juu ya kidole gumba.

Fanny naye ana kidole kama hicho. Nilipokiona nilicheka peke yangu. Nikajiambia, Vainqueur, mapenzi yamekupanda kichwani, sasa unamwona Fanny hadi kwenye vidole vya bamama wa watu.

Wiki ya sita mfupa wa kifundo ulitokeza. Sitawaficha, machozi yalinitoka. Katika maisha yangu nimeharibu nywele nyingi na mambo mengi, lakini mguu ule niliutengeneza. Vidole vikachezacheza kidogo, na mimi nikavipokea kama asante.

Sasa sikilizeni jambo la mila, kwa sababu bila hilo hamtaelewa nilivyozama. Ukoo wa Papa Déo ni wa kushika desturi. Ukishapeleka mbuzi, mama wa msichana ni mukwe wako, na mukwe hatazamwi usoni, hapewi mkono, hakai nawe chumba kimoja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini hadi mwenzake apite. Kumgusa ndiyo kabisa: ndoa imekufa, na watu watakutaja kwa sauti ya chini hadi wajukuu.

Kwa hiyo Mama Adolphine, mama yake Fanny, sikuwahi kumwona. Nikienda Swima yeye yuko jikoni, nyuma ya ukuta wa matete. Nilimjua kwa mlio wa mwiko wake tu.

Jumapili moja baada ya ibada niliitwa Swima kupanga siku ya harusi. Papa Déo alikaa kwenye kiti chake kikubwa. Kushoto kwake mdogo wake, Mtumishi Bonaventure, kiongozi wa kundi la maombi, mwenye koti hata kukiwa na joto. Kulia, mama mdogo Immaculée, dada yake Mama Adolphine. Fanny alisimama mlangoni na birika la maji ya kunawa.

Bonaventure ndiye aliyeanza.

"Mukwe, hii kazi yako. Bantu banasema unapapasaka bamama."

"Mutumishi, ni kazi ya munganga. Iko na cheti."

"Cheti," akasema, akamtazama kaka yake. "Mi sina cheti. Niko na magoti tu. Lakini kuna dada mumoja mu maombi yangu, muguu yake ya kushoto ilikuwa sawa kinu. Wiki sita tu, Jumanne na Ijumaa, Mungu akaikausha. Dada akasimama mbele ya kanisa yote akashuhudia. Bantu balilia."

"Nililia na mi," akasema Papa Déo.

Mtu mwenye akili angesikia Jumanne. Angesikia Ijumaa. Mimi nilisikia dharau tu. Nilisikia kwamba mwenye koti ana mguu na mimi sina.

"Mutumishi," nikasema, "mi pia niko na muguu."

"Muguu gani?"

"Ya kushoto. Sawa kinu. Wiki sita."

Fanny akakohoa. Nikadhani ni vumbi.

"Mungu asifiwe," akasema Bonaventure, bila furaha. "Na yako ilikauka?"

"Ilikauka mupaka mufupa inaonekana. Kama munakataa nitaeleza vizuri." Nikasogea mbele ya kiti, kwa sababu sasa nilikuwa na raha. "Iko na kovu ya mawese. Kidole ya pili imepanda juu ya dole kubwa, sawa mutoto kwa mugongo ya mama yake."

Fanny akaliangusha birika. Jikoni, mwiko ukanyamaza.

Papa Déo akaweka glasi yake chini, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Ile kovu iko fasi gani?"

"Juu ya kifundo, Papa. Upande ya ndani."

"Inafanana nini?"

"Jani ya muhogo," nikasema, bado natabasamu, mjinga mimi.

Nikatazama chini kwa aibu ambayo sikujua imetoka wapi, na pale chini nikauona mguu wa mama mdogo Immaculée ukirudi polepole ndani ya kitenge. Lakini nilikuwa nimeshakiona kidole cha pili, kimepanda juu ya kidole gumba.

Basi ndivyo nilivyojua kwamba kidole kile ni cha ukoo, na kwamba mguu wa pazia ni wa aliye jikoni. Mdomo huponza kichwa, na wangu haukuishia kichwani.

"Ulimushika bibi yangu," akasema Papa Déo. Sauti haikuwa ya hasira. Ingekuwa ya hasira ningepumua.

"Papa, sikujua. Kuna pazia."

"Ulimushika mukwe wako. Wiki sita."

"Pazia ilikuwa mukubwa," akasema mama mdogo Immaculée, Mungu ambariki. "Macho haikuona kitu."

"Mikono nayo iko na macho yake," akasema Papa Déo. Kisha akakumbuka jambo jingine, akamgeukia mdogo wake. "Na we. Bibi yangu anaendaka kwa maombi yako, Jumanne na Ijumaa."

"Njo vile," akasema Bonaventure. Jasho lilikuwa limeshuka hadi kwenye kola.

"Ulimuonaka pale?"

"Kaka, mi nafungaka macho wakati ya maombi."

Nisingekuwa mimi ndiye ninayezikwa, ningecheka. Mama Adolphine alikuwa akipanda moto, yaani pikipiki ya abiria, kutoka Swima, anamwambia bwana yake anakwenda kuomba, anashukia kwangu, anapitisha mguu kwenye tundu. Na mguu ulipopona, akiwa ameshasema uongo mmoja, ikabidi aseme wa pili, akamshukuru Mungu mbele ya kanisa zima. Tangu siku ile kundi la Bonaventure lilikuwa limejaa hadi watu wanaomba wakiwa nje.

Papa Déo akasimama. "Harusi hakuna."

"Kaka, ngoja," akasema Bonaventure.

"Ningoje nini?"

"Mbuzi tulishakula."

Papa Déo akakaa. Ukweli ni ukweli.

Sasa Bonaventure akafanya kazi ya akili ambayo hadi leo naistaajabia. Alivua koti, kwa mara ya kwanza machoni pangu, akalikunja juu ya magoti, akasema polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Tujiulize. Muguu iliponywa na nani? Na Mungu. Kanisa yote inajua, dada alishuhudia. Mungu haponyeshake kitu mara mbili. Kama Mungu aliiponya, huyu hakuiponya. Kama hakuiponya, hakuishika. Na kama hakuishika, iko mukwe, na mbuzi iko salama."

"Alieleza kovu," akasema Papa Déo.

"Aliota. Mutu wa mapenzi anaotaka ndoto."

Wakaniangalia wote watatu.

"Aapishwe," akasema Bonaventure. "Aseme hajagusa ile muguu, hata siku moja. Kisha tupange siku ya harusi, tukule."

Nilimtafuta Fanny kwa macho. Alikuwa amesimama kwenye maji ya birika, viatu vimelowa, analia bila sauti. Midomo yake ilisema neno moja. Sema.

Hapa ndipo ninapoungama, msomaji, na ungamo lenyewe ndilo sababu ya kuandika wiki hii. Nilijua jambo ambalo hakuna mwingine pale aliyelijua. Mguu kama ule haupoi kabisa. Unatunzwa. Unakandwa, unafungwa bandeji, unaoshwa vidole kimoja kimoja, na ukiuacha maji yanarudi na wenzake. Nilijua hayo yote, na nyuma ya ukuta wa matete mwenye mguu alikuwa akinisikiliza.

Nikainua mkono nikaapa. Nikasema sijawahi kuugusa. Nikasema ni Mungu. Nilisema kazi yangu bora kuliko zote si yangu, ili nipate mke.

"Amina," akasema Bonaventure, akavaa koti.

Papa Déo akaongeza lake. Kuanzia siku ile bibi yake asionekane tena Baraka Jumanne wala Ijumaa, asikaribie ile salon, wala mlango wake, wala yule mwanamke anayeufunga. Maombi yatamfuata nyumbani.

Jikoni mwiko ulianza tena, taratibu sana.

Jumanne ya kwanza nilikaa upande wangu wa pazia, nikalitazama tundu. Saa nne ikapita.

"Muguu ya Jumanne haikuya," akasema Husna.

"Haitakuya. Nilikana."

"Ulikana nini?"

"Muguu."

Akafunua pembe ya pazia ili anione vizuri. Husna ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huwa yameshanolewa.

"Bantu banakanaka batoto. Banakanaka bibi. Mutu wa kukana muguu, ni mara ya kwanza naona."

"Ulijua ni wa nani?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia?"

"We ulisema majina hatuulizake. Mi naheshimuka sheria ya kazi."

"Na yeye, alijua ni mi?"

"Vainqueur, jina yako iko kwa kibao."

Jumanne ya pili hakuja. Ijumaa hakuja. Niliulizia kwa Fanny kwa simu, akaniambia mama yuko vizuri, kisha akaniambia mama amechoka, kisha akaacha kunijibu swali hilo na kuanza kunieleza rangi ya vitenge vya harusi. Nami nikachagua rangi. Nilikuwa nimeshazoea kuwa mtu mbaya, haichukui muda mrefu.

Alhamisi, saa tano asubuhi, simu ikalia.

"Vainqueur, kuya," akasema Fanny. "Mama iko anachemuka. Mutumishi amemuleta Bienfait."

Kama hammjui Bienfait, basi hamjawahi kuteguka Baraka. Ni mkandaji wa zamani, wa chupa ya maji moto na mawese, anayekanda mpaka majirani wanauliza nani amekufa. Mifupa iliyoteguka anaiweza, simnyimi haki yake. Lakini mguu uliovimba kwake ni mguu wenye kichwa kigumu, na kichwa kigumu dawa yake ni nguvu.

Nilipanda moto, nikamwambia dereva asizime injini tukifika.

Mambo yalikuwa hivi, Fanny alinieleza uani akinivuta kwa shati. Mguu ulianza kujaa ndani ya siku kumi. Mama Adolphine aliuficha chini ya kitenge, maana atasema nini? Bonaventure alikuja kuomba nyumbani kila siku, na kila siku mguu ukawa mkubwa kuliko jana. Aliogopa. Si kwa ajili ya mguu. Nyumba ya maombi ya kundi lake ilikuwa imeanza kuezekwa mabati mapya kwa ajili ya ule muujiza. Akamleta Bienfait kwa mlango wa nyuma, ili amsaidie Mungu kidogo. Bienfait alikanda siku mbili. Ngozi ikachanika katikati ya vidole.

"Fanny, mi siwezi ingia. Iko chumba ya mukwe."

"Mi najua," akasema. Akaniachia shati. Akaingia yeye.

Nikaingia nyuma yake.

Mle ndani Papa Déo alikuwa amesimama dirishani. Bonaventure alikuwa na koti lake. Bienfait alipiga magoti mbele ya kitanda, mikono imepakwa mawese hadi viwiko, na kando yake jiko la makaa na chupa inayofuka. Juu ya kitanda mtu alikuwa anatetemeka chini ya blanketi mbili, saa sita ya mchana, na mguu umetoka nje.

Niliutambua kwa kovu tu. Ulikuwa mwekundu, unang'aa, na wekundu ulikuwa umepanda hadi juu ya goti kama mtu anayepanda ngazi. Sikuhitaji kuushika. Joto lake lilinifikia nikiwa nimesimama.

Kwenye mafunzo ya Lusenda nilisinzia kurasa nyingi, lakini ukurasa mmoja sikusinzia. Mguu mwekundu, wa moto, na homa: mkandaji, weka mikono mfukoni. Hiyo ni sumu ya vidudu, imeingilia kwenye ngozi. Ukikanda, unaitembeza mwilini. Hospitali, siku hiyo hiyo.

"Bienfait, usiguse," nikasema. "Muguu iko na vidudu. Iende hospitali saa hii."

"Huyu anafanya nini mu chumba ya bibi yangu?" akauliza Papa Déo.

"Papa, akikandwa atakufa."

"Ulisema we haujue hii muguu," akasema Bonaventure. "Uliapa. Sasa umeijulia wapi?"

"Ni wivu ya kazi," akasema Bienfait bila kugeuka. "Amezoea kupapasa. Akiona mutu wa nguvu anaumia roho."

Na hapo ndipo nilipoona nilipo. Nikinyamaza, anakandwa. Nikisema asikandwe, mimi ni mkwe aliyeapa, sijui kitu, nina wivu tu. Neno langu lilikuwa limeshaliwa pamoja na mbuzi. Hakuna aliyebaki mle chumbani wa kuniamini, na kila mmoja alikuwa na haki.

Bienfait akachota mawese. Vidole gumba vyake viwili vikashuka kwenye nyama ya mguu, akabonyeza. Kutoka chini ya blanketi ikatoka sauti ambayo sitaki kuieleza.

Sikufikiri. Niliudaka. Mkono mmoja chini ya kisigino, mwingine chini ya goti, nikauinua kutoka kwenye viganja vya Bienfait na kuukumbatia kifuani. Bila pazia. Mbele ya Papa Déo, mbele ya mtumishi wa Mungu, mbele ya Fanny.

"Wiki sita," nikasema. "Wiki sita nilitumikia hii muguu. Ni mi. Niliapa uongo sababu nilitaka Fanny."

Nilikuwa nalia, nadhani. Mawese yalikuwa yanashuka ndani ya shati.

Bonaventure akatazama viatu vyake. Papa Déo alikuja hadi karibu yangu, akanitazama nilivyoushika mguu wa bibi yake, akazungumza kwa heshima, kama na mgeni asiyemjua.

"Mbuzi zako nitarudisha. Nitatafuta zenye zinafanana."

Fanny alikaa chini pale pale alipokuwa. Hakulia. Alifunika uso kwa kitenge, na mimi nilijua kwamba nikiuachia mguu sasa hivi, nikipiga magoti, labda. Labda. Lakini nikiuachia, Bienfait yuko pale, na chupa imechemka.

Sikuuachia.

Blanketi ikasogea. Kwa mara ya kwanza nikamwona Mama Adolphine. Ulikuwa uso wa Fanny, umekomaa, midomo imekauka kwa homa. Alinitazama machoni bila haya yoyote, mukwe na mukwe, kitu ambacho katika ukoo ule nadhani hakijawahi kutokea.

"Ni mikono yake," akasema. "Ningeijua hata mu giza." Akapumzika, akapumua. "Umenishika mbele ya bote. We haiko mukwe yangu tena."

"Njo vile, Mama."

"Basi imekwisha. Sasa kanda."

"Apana, Mama."

Hakuelewa. Alifumba macho, akafumbua tena. "Umemuacha mutoto yangu, na hautanikanda?"

"Leo hakuna mutu wa kukukanda. Ata mi. Iko moto inje, injini haijazima. Tunaenda hospitali, kisha nitakukanda miaka yote yenye unataka."

Nje ya dirisha vichwa vilikuwa vimeanza kujipanga. Majirani, bamama wa kundi la maombi, waliosikia ile sauti wakaja kuona. Mmoja alikuwa bado ameshika kisu cha kumenyea muhogo. Mama Adolphine aliwaona kabla yangu. Akavuta blanketi, akajaribu kuufunika mguu, na mguu ulikuwa mikononi mwangu.

"Rudisha ndani," akaniambia. "Funika."

"Mama, saa inapita. Utakufa."

"Hospitali siende." Alisema kwa sauti ndogo, ili dirishani wasisikie. "Nitabaambia nini? Hii muguu ilishapona. Mi mwenyewe nilishuhudia."